Shina Kwanza, Mbolea Baadaye

Baba alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga pale Kibaoni, Ifakara, na mimi nilijua kusikiliza mkanda kabla sijajua kusoma saa. Mkanda ukipiga mluzi, umelegea. Ukinuka mpira, unaungua. Kimbia ukamwite baba. Injini ya dizeli ilizungusha puli, puli ikavuta mkanda, mkanda ukazungusha puli nyingine iliyokuwa kwenye kinu, na mpunga wa watu ukatokea upande wa pili ukiwa mchele.

Mavuno ya 1999 yalikuwa mazuri. Foleni ya magunia ilitoka uani ikafika barabarani, na wateja waliochoka kusubiri wakaanza kwenda kwa jirani. Baba akaenda kwa mchonga vyuma, akachongewa puli ndogo ya kinu. Hesabu yake ilikuwa sahihi: injini ileile, mkanda uleule, lakini puli ndogo huzunguka mara nyingi zaidi. Wiki ya kwanza tulimaliza magunia yote kabla ya magharibi. Wiki ya pili akina mama wakaanza kurudi na ungo mkononi. Mchele wao ulikuwa umekatikakatika, na chenga haziuzwi bei ya mchele. Wiki ya tatu, usiku, beringi ya kinu ikaungua. Baba akafungua ile puli ndogo, akaitundika kwenye msumari ukutani, na ikakaa pale mpaka alipofariki.

Niliiona puli ile kila siku kwa miaka mingi. Hata hivyo, nilipokuwa mtu mzima nilirudia kosa lake, mara hii kwa gari.

Supachaja ni kinu cha hewa. Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma mafuta, na mafuta hayaungui bila hewa. Injini ya kawaida huvuta hewa yenyewe, kama mtu anavyopumua. Supachaja huishindilia hewa ndani ya injini, ili mafuta mengi zaidi yaungue katika silinda zilezile. Tabo nayo hufanya kazi hiyo, ila yenyewe huzungushwa na moshi unaotoka kuelekea kwenye ekzosi. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye puli ya krankshafti, kwa hiyo huitika mara tu mguu unapokanyaga mafuta. Ukitaka ishindilie zaidi, unaifungia puli ndogo.

Aina mojawapo kongwe ina jina la ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, wa mji wa Connersville katika jimbo la Indiana. Walipata hataza ya kipulizio chao mwaka 1860, magari yakiwa bado hayajazaliwa. Walikuwa na kiwanda cha kufuma sufu, na kipulizio kilitokea wakihangaika na gurudumu la maji la kukiendesha. Miaka sitini na mmoja baadaye, 1921, Mercedes ilionyesha mjini Berlin magari ya kuuzia watu yaliyokuwa na supachaja. Niliposoma habari hiyo nilihisi nimeonyeshwa ukoo wangu. Kifaa cha magari ya mbio kilitoka kwa watu wa mashine na mikanda, watu kama baba.

Mwaka 2012 nilikuwa fundi wa magari Dar es Salaam, nina akiba ya miaka sita, na nilitaka gari la spoti la mtumba nilifungie supachaja kwa mikono yangu. Nikalichagua kwa macho. Lilikuwa Toyota Altezza: taa za nyuma za mviringo zinazong'aa, saa za dashibodi zilizochorwa kama saa ya mkononi, gia sita za mkono. Injini yake, 3S-GE ya lita 2, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210 bila supachaja wala tabo. Nikajiambia kwamba ikiwa peke yake ina 210, ikishindiliwa hewa itafika 300. Hesabu hiyo ilinipendeza kuliko hesabu yoyote niliyowahi kupiga, na kwa sababu ilinipendeza sikuirudia mara ya pili.

Nilinunua supachaja iliyotumika, iliyong'olewa kwenye gari jingine, nikaitengenezea kishikio cha chuma, nikaiunga. Injini ilipowaka niliinamisha kichwa kusikiliza mkanda kama nilivyofanya utotoni. Haukupiga mluzi. Wiki hiyohiyo nikafunga safari ya nyumbani.

Kutoka Mikumi hadi Kidatu palikuwa na lami, na pale gari lilikimbia kama nilivyoota. Baada ya Kidatu, miaka hiyo, lami ilikuwa ikiisha. Ilibaki barabara ya changarawe chini ya milima ya Udzungwa, malori ya miwa, vumbi na mashimo. Mafuta yalipungua, nikanunua petroli ya kwenye dumu kando ya njia. Nilipopita Mang'ula nikasikia mlio ndani ya injini, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Fundi yeyote anaujua mlio huo. Niliujua. Nikaendelea kukanyaga, maana nilitaka kuingia Ifakara mchana watu wanione. Kabla ya Kiberege gari likatoa moshi wa bluu, likazima. Niliingia Ifakara usiku, nikivutwa kwa kamba na trekta.

Tulipofungua silinda hedi tulikuta pistoni ya tatu imemeguka ukingoni, kwenye ringi, na gasketi imeungua. Niliikalisha pistoni ile kiganjani kwa muda mrefu, nikatafuta wa kumlaumu, nikamkosa.

Sababu zenyewe zilikuwa wazi. Kompresheni ni kipimo cha jinsi pistoni inavyoubana mchanganyiko wa hewa na mafuta kabla ya cheche kupiga. Injini ya Altezza ile hubana zaidi ya mara 11. Farasi wake 210 wametoka humohumo: waliounda injini ile walikwisha kukamua kilichokuwemo. Ukiongeza hewa ya kushindiliwa katika silinda inayobana kiasi hicho, mafuta huwaka yenyewe kabla ya wakati na kuigonga pistoni kama nyundo. Huo ndio mlio wa kokoto.

Joto likaongeza tatizo. Hewa ikibanwa hupata moto. Chukua hewa ya bonde letu mchana, nyuzi 33, uisukume mpaka mara moja na nusu ya kanieneo ya kawaida kwa supachaja ya aina ya Roots: itatoka inapita nyuzi 90. Ndiyo maana huwekwa intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Mimi sikuiweka, niliona nitaifunga baadaye. Halafu niliongeza hewa bila kuongeza petroli ya kutosha, na mchanganyiko wenye petroli kidogo huungua kwa moto mkali zaidi. Mwisho, yale mafuta ya dumu. Petroli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa hugonga upesi, na hilo lilikuwa linajulikana nchi nzima. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilikuwa imeanza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, kwenye mafuta tangu 2010 ili kudhibiti uchakachuaji huo. Nilijua yote hayo. Nilikuwa nimeyatenganisha na gari langu, kwa sababu gari langu nililipenda.

Mama alikuja uani asubuhi, akakuta vipande vimetandazwa juu ya gunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Ndiyo limekufa?"

"Injini imekufa. Nililiongezea nguvu, halikuzibeba."

Akavuta kigoda, akakaa. Akaniuliza kama nakumbuka shamba la mwaka wa vocha.

Nilikumbuka. Mwaka 2009, enzi za vocha za pembejeo, mama alipata yuria akaimwaga kwenye Supa. Supa ni mpunga wetu wa kunukia, mrefu, na wali wake unasifiwa hadi Dar es Salaam. Ilipokula mbolea ilikuwa kijani ya kukolea, ikapita kifua cha mtu, na majirani walikuwa wakisimama njiani kuitazama. Masuke yalipojaa, mvua za Aprili zikaja na upepo, na shamba zima likalala. Mpunga uliolala huoza majini na kuota ungali kwenye suke. Tulivuna magunia machache kuliko ya mwaka ambao hakutia mbolea kabisa. Msimu uliofuata mama aligawa shamba: Supa akaipanda sehemu ndogo bila yuria, kwa ajili ya wali wa nyumbani, na kwingine akapanda SARO 5, mbegu iliyotoka KATRIN, kituo cha utafiti cha hapahapa Ifakara. SARO 5 ni fupi na shina lake ni gumu. Ukiipa mbolea, inaibeba.

"Mbolea haisimamishi shina, mwanangu," mama alisema. "Shina ndilo linalosimamisha mbolea. Wewe ulitazama urefu."

Nimefanya ufundi tangu wakati huo na nimesikia maelezo mengi ya wajuzi, lakini sijasikia yanayozidi hayo. Altezza ni gari zuri sana. Ni Supa. Lilikwisha kurefuka kadiri ya uwezo wake, na lilipaswa kuachwa lilivyo.

Nilikaa miaka miwili nikifanya kazi na kujifunza kuchagua. Wanaoniuliza leo kuhusu gari la kufungia supachaja huwa nawaambia waanze na namba ya kompresheni, kisha ndipo waulize farasi. Mfano unaofundisha vizuri zaidi ni wa Toyota wenyewe. Corolla Levin ya AE101 ilitengenezwa kwa injini mbili za spoti za cc 1,600. Moja, 4A-GE ya valvu 20, haina supachaja. Inabana mara 10.5 na inatoa farasi 160. Ya pili, 4A-GZE, ina supachaja kutoka kiwandani. Inabana mara 8.9 na inatoa farasi 170. Kijana akiona hapo atasema ni shida ya bure kwa farasi kumi. Aangalie tena. Kabla ya kufunga kile kipulizio, Toyota ilishusha kompresheni, ikaweka pistoni za kufuliwa zilizo imara zaidi, ikaweka intakula, ikaweka na klachi ya umeme inayoikata supachaja wakati dereva hahitaji nguvu. Wenye viwanda, wahandisi na fedha walikwenda kwa hadhari, wakaridhika na farasi kumi juu, pamoja na mvuto mkubwa kuanzia mizunguko ya chini, ule unaoutaka unapotoka kwenye kona au unapopanda mlima. Mimi nilitaka tisini kwa wiki moja.

Yapo magari mengine ya kufikiria. Mark II ya GX110, ambayo kila mtu Tanzania anaijua, ina injini ya silinda sita inayofanya kazi kwa utulivu, farasi 160, lakini ni nzito na nyingi zina gia za otomatiki. Nguvu ikizidi, gia boksi ndiyo inayolipa. Mark II zilizo na 1JZ-GTE zina tabo tayari na farasi 280, ila injini ni ya lita 2.5, na ushuru wetu wa bidhaa huongezeka injini inapovuka cc 2,000, mbali na tozo ya uchakavu kwa gari la umri huo. Subaru Impreza WRX ni imara na ina tabo yake. Anayeitaka aiache na tabo yake.

Kuhusu uzito, kuna hadithi ya kwetu Afrika Mashariki inayostahili kukumbukwa. Mwaka 1993 Subaru ilileta kwenye Safari Rally vigari vya Vivio: injini ya cc 658, ndogo kuliko za pikipiki nyingi kubwa, yenye supachaja. Dereva Colin McRae alikimbia na kimojawapo kwa kasi iliyoshangaza watu, lakini hakufika mwisho. Patrick Njiru wa Kenya, aliyeijua ardhi ile, alifika. Alimaliza wa 12 kwa jumla na kushinda daraja lake, katika mbio zilizovunja magari yenye nguvu mara kadhaa ya lile. Gari jepesi halihitaji nguvu nyingi, na nguvu chache zina vitu vichache vya kuvunja.

Ukishachagua aina, linabaki gari lenyewe, na la mtumba lina maisha ambayo muuzaji hayasimulii. Mwambie asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina joto, uliza kwa nini. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando kama maziwa, maji yameingia. Tazama ekzosi: moshi wa bluu ni oili, moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto ni maji. Nenda na geji ya kompresheni, upime silinda moja baada ya nyingine. Zikipishana zaidi ya sehemu moja ya kumi, rudi nyumbani na fedha zako. Inua zulia utafute kutu na mishono ya kuchomelea, kwa sababu magari yaliyotumika maeneo ya theluji ya Japani huliwa na chumvi ya barabarani. Kama supachaja imo tayari, toa mkanda uizungushe kwa kidole. Ikikwaruza au ikicheza, hesabu gharama ya beringi zake kabla hujataja bei. Na uulize spea zinapatikana wapi, maana gari la spoti lisilo na spea ni banda la kuku.

Mwaka 2014 nikapata Levin yenye 4A-GZE, rangi imepauka, kiti cha dereva kimechanika. Hakuna aliyeigeukia barabarani. Ilikuwa na karibu kilo 200 pungufu ya Altezza. Silinda zake nne zilipima karibu sawa.

Safari hii nilifuata mpango wa shamba. Nilianza na breki na matairi, kwa sababu gari linaloongezewa mwendo bila kuongezewa kusimama litaua mtu. Nikafuata rejeta na mabomba ya maji. Kisha pampu ya mafuta na plagi. Mwaka mzima ulipita kabla sijaigusa puli, na nilipoigusa niliweka iliyopungua milimita chache tu, nikasikiliza kwa wiki kadhaa kama kuna mlio wa kokoto. Haukuwepo. Wenzangu walinishauri nipunguze tena. Niliangalia ukutani. Baba alipofariki niliichukua ile puli yake ya 1999, na sasa iko gereji kwangu, kwenye msumari, usawa wa macho.

Mambo ya bonde yamebadilika. Mei 2018 Rais Magufuli alizindua daraja la mita 384 juu ya mto Kilombero, mahali tulipozoea kusubiri kivuko, na barabara ya kilomita 66.9 kutoka Kidatu hadi Ifakara ikaingia kwenye mpango wa lami. Vijana wanaokuja gereji kwangu wanaiona barabara hiyo kama uwanja wa mbio. Ninawaambia kwa moyo wote: Ifakara ni mji wa baiskeli. Barabarani kuna mama amebeba mtoto nyuma, kuna mzee na gunia la mpunga, kuna wanafunzi watatu kwenye baiskeli moja bila taa. Vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na gari lenye farasi 200 linapaswa kwenda 50 kama mengine. Anayetaka kujua gari lake linakimbiaje atafute mashindano yaliyofungiwa barabara, akiwa na kofia ngumu na gari la wagonjwa likisubiri. Nguvu ni akiba. Fedha zikiwa benki hazikulazimishi kuzitumia sokoni.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka mama Iringa kwenye harusi ya mjukuu wake. Ni safari ya kutoka bondeni, mita kama 250 juu ya usawa wa bahari, hadi juu ya mita 1,500. Injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila inapopanda mita 1,000. Yenye supachaja nayo hupungukiwa, ila inapungukiwa ikiwa na kitu mfukoni. Buti ilikuwa na gunia la mchele wa Supa, zawadi ya harusi.

Kwenye mlima wa Kitonga tulikuta malori yamepangana, yanapanda kwa gia ya kwanza, mengine yamepaki pembeni madereva wakimwagia rejeta maji. Nilikaa nyuma yao sikuyapita, kona baada ya kona, jua kali, injini ikifanya kazi nzito kwa mwendo mdogo, ambao ndio mtihani mgumu kuliko mbio. Mama hakuwa anatazama bonde wala malori. Tangu siku ya Altezza alikuwa amejifunza mshale wa joto, na macho yake yalikuwa kwenye dashibodi. Mshale ulisimama katikati. Tulipotokea juu, hewa ya baridi ikaanza kuingia dirishani, akanyoosha kidole akakigonga kioo chake taratibu.

"Hili halijalala," akasema.